ASALI NA SANADI YAKE
Darsa juu ya ghishi katika biashara

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu wa Mwakirunge na mitaa jirani ya Kisauni hutuuliza mara kwa mara: vipi mtu ataijua asali ya kweli na asali iliyoghushiwa? Swali hili ni la haki. Asali yauzwa njiani, yauzwa dukani, yauzwa hata mlangoni mwa msikiti baada ya Sala ya Ijumaa, na kila muuzaji asema yake ndiyo safi. Basi tumeona darsa hii tuifanye ya asali. Tutaeleza asali ni kitu gani, majaribio ya watu yana thamani gani, kisha sharia yamtaka nini muuzaji na yamtaka nini mnunuzi.

KWA NINI JAMBO HILI NI LA DINI

Huenda mtu akasema, haya ni mambo ya sokoni, masheikh yawahusu nini? Twamjibu kuwa Mwenyezi Mungu ameipa sura nzima jina la nyuki, nayo ni Sura An-Nahl, na katika aya ya 68 na ya 69 ameeleza kuwa Yeye ndiye aliyempa nyuki ilhamu ya kufanya makao majabalini, mitini na katika yale wayajengayo watu, na kwamba matumboni mwake hutoka kinywaji cha rangi mbalimbali ambacho ndani yake mna shifaa kwa watu. Na katika Hadithi aliyoipokea Abu Said al-Khudri (R.A.), nayo imo katika Sahih mbili, Bukhari na Muslim, mtu alimjia Mtume (S.A.W.) kwa ajili ya nduguye aliyeumwa na tumbo, naye akamwamrisha amnyweshe asali, na akakariri amri hiyo mpaka mgonjwa akapona.

Sasa zingatia, ndugu msomaji. Masikini mgonjwa atoa shilingi zake za mwisho, anunua chupa ya asali kwa kuziamini aya hizo, naye kwa hakika amenunua sukari guru iliyochemshwa. Ainywa mwezi mzima, haoni nafuu. Hatimaye nafsi yamwambia: mbona niliyosomewa hayakuwa? Mwenye kumwuzia hakumwibia fedha peke yake. Amemzidishia maradhi, na amemtia shaka katika Kitabu cha Mola wake. Na yule jirani yetu aliyepanda mtini usiku, akaumwa na nyuki, akarina asali ya kweli, yeye hana pa kuiuza, kwani hawezi kuteremsha bei mpaka ilingane na bei ya sukari. Madhara haya yote yatokana na chupa moja.

ASALI NI KITU GANI

Nyuki hunyonya maji matamu ya maua, huyachukua tumboni mwake mpaka mzingani, na huko hupokezana wao kwa wao wakiyatia vimeng'enya vya miili yao. Kisha huyaweka katika vyumba vya sega na kuyapepea kwa mbawa mpaka maji mengi yakauke. Yakisha kuiva, huviziba vyumba kwa nta. Mrina asali mjuzi huchukua masega yaliyozibwa na kuyaacha yasiyozibwa, kwani asali isiyoiva ina maji mengi nayo huchacha upesi.

Asali iliyoiva ni sukari za namna mbili hasa, fruktosi na glukosi, pamoja na maji ambayo kwa kawaida huwa kiasi cha 17 au 18 katika 100. Ndani yake mna pia vimeng'enya, asidi kidogo, chembe za chavua na harufu ya maua yenyewe. Kiwango cha asali cha Codex Alimentarius, kilichowekwa mwaka 1981 chini ya mashirika ya FAO na WHO, chataka maji yasizidi 20 katika 100, na sukari ya namna ya miwa isizidi, kwa asali nyingi, 5 katika 100. Nasi huku Afrika Mashariki tuna kiwango chetu, EAS 36.

Rangi na ladha hufuata maua, kama aya ilivyotaja rangi mbalimbali. Mwakirunge ina minazi, miembe na mikorosho, na mikoko ya Tudor na Mtwapa haiko mbali. Asali ya huku haitafanana na ile itokayo Kitui au Baringo, wala na ile ya misitu ya miyombo ya Tabora. Tena kuna wale nyuki wadogo wasiouma, ambao asali yao ni nyepesi na ina uchachu. Asemaye kuwa asali ya kweli lazima iwe nyeusi, au lazima iwe nzito, amehukumu kabla ya kujua.

MAFUNGU MANNE

Watu husema "asali safi" na "asali mbovu" kana kwamba ni mafungu mawili tu. Kwa hakika ni manne, na kila moja lina hukumu yake.

La kwanza ni asali halisi mbichi: imetoka segani, ikachujwa, haikupikwa. Hii huwa na ukungu kidogo wa chavua na vipande vidogo vya nta.

La pili ni asali halisi iliyopikwa, ambayo masega yake yamechemshwa ili asali itoke upesi. Hii ni asali, lakini moto umeviua vimeng'enya vyake na umezidisha ndani yake kitu ambacho wataalamu hukiita kwa kifupi HMF. Kiwango tulichokitaja kimeweka mpaka wa miligramu 40 za kitu hicho katika kilo moja, na 80 kwa asali ya nchi za joto kama yetu, kwa sababu hata joto la kawaida na kukaa muda mrefu hukiongeza.

La tatu ni asali iliyochanganywa na maji, sukari au sukari guru.

La nne si asali kabisa. Ni sukari iliyochemshwa kwa maji na ndimu. Ukali wa ndimu pamoja na moto huivunja sukari ya miwa ikawa fruktosi na glukosi, yaani zile zile sukari mbili zilizomo ndani ya asali. Kisha hutumbukizwa kipande cha sega na nyuki wawili watatu waliokufa, ili jicho liridhike. Kwa sababu hii ulimi peke yake hauwezi kuwa kadhi wa jambo hili.

MAJARIBIO YA WATU

Tuyapime sasa majaribio yanayosifiwa barazani.

Wako wadondoshao asali katika bilauri ya maji. Ikizama mpaka chini bila ya kutawanyika, husema ni safi. Jaribio hili lapima uzito tu. Sukari iliyopikwa ikawa nzito nayo huzama, na asali halali ya nyuki wadogo huenda ikatawanyika.

Wako wachovyao njiti ya kibiriti katika asali kisha wakaiwasha. Hili lapima maji tu. Sukari nzito isiyo na maji mengi haiizuii njiti kuwaka, na asali ya kweli iliyoingia unyevu wa Pwani yaweza kuizuia.

Wako waweka tone juu ya ukucha wa kidole gumba, au juu ya mchanga, au juu ya karatasi, waone kama litatambaa. Hayo yote ni jaribio lile lile la uzito na maji kwa sura nyingine.

Wako wasemao kuwa sisimizi hawaigusi asali ya kweli. Hili halina asili. Sisimizi hupenda utamu, na kila mfugaji wa nyuki ajua taabu ya kuwazuia wasipande mizingani.

Na wako wasemao kuwa asali ikiganda na kufanya chembechembe basi ilitiwa sukari. Hili ndilo kosa linalowadhulumu wakweli kuliko yote. Asali nyingi halisi huganda kwa tabia yake, kwa sababu ya glukosi iliyomo ndani, na huganda upesi zaidi penye baridi. Asali iliyopashwa moto huchelewa kuganda. Basi mnunuzi akiikataa iliyoganda na kuchagua inayong'aa, pengine ameikataa mbichi na kuchukua iliyopikwa. Ukitaka kuiyeyusha iliyoganda, iweke chupa katika maji ya uvuguvugu, usiitie motoni.

Je, majaribio haya hayana faida kabisa? Yana faida moja ndogo: humfichua mwenye kutia maji mengi. Na kwa kazi hiyo mizani ni bora kuliko njiti. Lita moja ya asali iliyoiva ina uzito wa kiasi cha kilo 1.4, na nusu lita kiasi cha gramu 700, bila ya uzito wa chupa. Ikipungua sana, jua mna maji. Kadhalika ikitoa povu na harufu ya kuchacha, jua haikuiva au imetiwa maji. Lakini ikiwa uzito umetimia, hilo halikuthibitishii kuwa haikutiwa sukari. Lililofaulu katika mizani limefaulu katika jambo moja tu.

ELIMU YA MAABARA

Maabara ina njia zilizo madhubuti zaidi. Hutazama chavua kwa darubini, na chembe zake huonyesha nyuki walizuru maua gani. Hupima HMF na vimeng'enya ili ijulikane kama moto ulipita. Tangu miaka ya 1970 imejulikana pia njia ya kupima kaboni: miwa na mahindi hujenga sukari yao kwa namna moja, na miti mingi inayozuriwa na nyuki kwa namna nyingine, hata uwiano wa kaboni nzito na nyepesi ukatofautiana. Kwa njia hiyo sukari ya miwa iliyofichwa ndani ya asali hufichuka. Hapo wadanganyifu wa nchi za nje wakahamia sukari ya mchele, ambayo kaboni yake yafanana na ya maua, na wataalamu wakalazimika kutafuta vipimo vipya.

Msidhani kuwa balaa hii ni ya masikini peke yao. Mwaka 2023 Tume ya Ulaya ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa asali iliyoingizwa Ulaya kutoka nchi za nje. Katika sampuli 320, zilizoshukiwa zilikuwa 147, yaani 46 katika 100. Ikiwa wenye maabara kubwa kama hizo bado wakimbizana na hila, mama wa Mwakirunge mwenye njiti ya kibiriti atafanyaje?

SANADI YA ASALI

Hapa ndipo elimu yetu ya zamani itusaidiapo. Wanavyuoni wa Hadithi walipoletewa neno hawakuridhika kwa uzuri wake tu. Waliuliza: umelipokea kwa nani? Naye amelipokea kwa nani? Je, ni mkweli? Je, walikutana? Neno tamu lisilo na sanadi waliliweka kando. Walijua kuwa mwongo hodari aweza kuifananiza lugha ya mkweli, lakini kuifananiza njia iliyopita kwa watu wanaojulikana ni kazi ngumu zaidi.

Basi na asali ni vivyo hivyo. Tazama maji yake, onja, pima uzito. Lakini kabla ya hayo uliza sanadi yake, maswali manne.

Kwanza: ni nani aliyeirina? Taka jina la mtu au la kikundi, na mahali anapopatikana. "Imetoka bara" si jibu.

Pili: mizinga iko wapi? Swali hili latuhusu sisi wa Mwakirunge khasa, kwani jaa kubwa la taka za mji wa Mombasa liko kwetu, na nyuki hana kadhi wa kumkataza kunywa mabaki ya soda na peremende. Mwaka 2012, katika mji wa Ribeauvillé nchini Ufaransa, wafugaji walikuta asali ya buluu na kijani mizingani mwao, kwa sababu nyuki walikuwa wakila mabaki ya peremende za M&M's katika kiwanda kilichoyashughulikia karibu yao. Hakuna mtu aliyechanganya kitu, na wafugaji wale hawakuiuza asali ile. Mzinga na uwekwe mbali na jaa, karibu na maua.

Tatu: ilitolewa vipi segani? Ilichujwa, ilikamuliwa, au ilichemshwa?

Nne: imepita mikono mingapi na vyombo gani? Chupa kuukuu ambayo haijulikani ilitiwa nini kwanza haifai kutiwa chakula, licha ya dawa.

Muuzaji mkweli hataudhika kwa maswali haya, bali atafurahi. Asiyeweza kujibu hata moja, usimtuhumu wala usimtangaze. Iache bidhaa yake, nenda zako. Na ikiwezekana nunua asali pamoja na sega lake lililozibwa, ingawa hilo nalo si dalili ya kukata.

HUKUMU KWA MUUZAJI

Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye rundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikapata umajimaji. Alipouliza, mwenye nafaka akasema ilinyeshewa na mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakuuweka ule umajimaji juu watu wapate kuuona, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi hayuko pamoja naye. Angalieni: mtu yule hakutia maji kwa mkono wake, mvua ndiyo iliyoinyeshea. Kosa lake lilikuwa kuficha. Basi ni vipi hali ya anayetia kwa mkono wake, kisha akaficha, kisha akaapa?

Mwenye kuuza fungu la kwanza aseme ni mbichi. Mwenye kuuza la pili aseme imepikwa, na uchumi wake ni halali. Mwenye kuuza la tatu, akitaka kuuza, aseme wazi kuwa imechanganywa na kitu gani na kwa kiasi gani, wala asiiite asali tupu. Mwenye kuuza la nne kwa jina la asali ameuza jina, na kitu chenyewe hakipo. Fedha aliyoipokea ni mali ya mwenziwe. Toba yake haitimii kwa kuomba maghufira tu, yampasa airudishe. Na sheria ya nchi nayo, Sura ya 254 ya sheria za Kenya, yakataza kuuza chakula kilichoghushiwa.

Ama kuandika aya za Sura An-Nahl juu ya chupa, hilo si ushahidi wa yaliyomo ndani. Aya yathibitisha baraka ya asali; haithibitishi uaminifu wa muuzaji. Kufanya maneno ya Mungu kuwa pazia la sukari guru ni jambo la kutisha. Na kiapo cha sokoni, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim, huitoa bidhaa na huifuta baraka.

HUKUMU KWA MNUNUZI NA KWA JAMAA

Mnunuzi akigundua aibu iliyokuwako kabla ya kununua, naye hakuambiwa, ana haki ya kuirudisha na kuchukua fedha yake. Katika madhehebu yetu ya Shafii yampasa afanye hivyo upesi baada ya kujua, asiendelee kuitumia kisha akadai. Lakini naye ana wajibu wake. Mwenye kutaka asali ya kweli kwa bei ya sukari amewafungulia waongo mlango kwa mkono wake.

Na sisi jamaa tuna wajibu wa kuilinda soko yetu. Sheikh Abdurrahman bin Nasr ash-Shayzari, aliyeishi karne ya 6 ya Hijra, aliandika kitabu kizima cha kumfunza msimamizi wa soko hila za wauzaji. Hawakuona kuwa kazi hiyo ni duni. Leo msikiti waweza kuwa na daftari ya warina asali wanaojulikana, na wenye kuuza mlangoni pake watakiwe wataje sanadi ya bidhaa yao. Hilo halihitaji fedha nyingi. Lahitaji watu wasioona haya kuuliza.

TAHADHARI MBILI

Kwanza, asali, hata iwe safi vipi, asipewe mtoto ambaye hajatimia mwaka mmoja. Huenda mna mbegu za vijidudu vya maradhi yaitwayo botulisimu, ambazo tumbo la mtu mzima huzishinda na tumbo la mtoto mchanga haliwezi. Wenye kumfanyia mtoto tahniki kwa asali na watumie tende laini, kwani tende ndiyo iliyothibiti kwa Mtume (S.A.W.).

Pili, mwenye ugonjwa wa sukari asidanganywe kuwa asali halisi haimdhuru. Sukari zake ni sukari. Aya imesema ndani yake mna shifaa. Haikusema kila mgonjwa aache daktari wake. Kuisadiki aya ni pamoja na kutoizidishia yasiyokuwamo.

Ndugu zetu, nyuki mdogo hujaza chumba chake asali iliyoiva, kisha hukiziba. Hatii chini maji na juu asali. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wakweli katika kauli zetu na mizani zetu, na awabariki wale wanaouza kwa kubainisha na wanaonunua kwa insafu. Amin.

MASWALI YA KURUDIA DARSA

1. Yataje mafungu manne ya asali, na useme muuzaji yampasa aseme nini katika kila moja.
2. Kwa nini asali iliyoganda si dalili ya kuwa imetiwa sukari?
3. Mtu wa rundo la nafaka hakutia maji yeye mwenyewe. Kosa lake lilikuwa nini?
4. Jirani yako auza asali nawe wamshuku, lakini huna bayyina. Utamwambia nini yeye, na utawaambia nini watu?